Hesabu ya Saba kwenye Karai la Fundi Saidi

Miaka yote niliyokaa nanyi jikoni mmekuwa mkiniuliza jambo moja, na miaka yote nimewajibu, "Geuza, usiulize." Kwa nini Mama Karimi hataki mtu ahesabu kwa sauti karibu na karai? Wengine mlidhani ni uchawi. Mutegi alisema nikiwa nasikia kwamba labda nilikosana na mwalimu wa hesabu. Haya, sasa nimestaafu, funguo za stoo nimerudisha, na hakuna wa kunifukuza kazi. Acha niwaambie. Mambo ya vyeo na mshahara sitayaandika. Mshahara wenyewe mnaujua.

Kazi hii nilianzia Meru mjini, mtaa wa Majengo, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na watu wa msituni. Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuolewa, natoka upande wa Nkubu, ambako watu walikuwa wanahamishwa kwa nguvu kutoka mashambani na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Baba alinitafutia pasi ya kutembea, akanipeleka kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye alikuwa ameolewa na Mwislamu wa Majengo akaitwa Halima. Mumewe ndiye Fundi Saidi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Lakini kabla ya Majengo kuna jambo lazima mlijue, maana bila hilo hamtaelewa lolote. Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimekula kiapo cha watu wa msituni. Sikuulizwa kama nataka. Niliitwa na mtu niliyemwamini, nikapelekwa katikati ya migomba, nikakuta wengine kumi hivi wanatetemeka kama mimi. Tulilishwa nyama mbichi tukaapa, na kila neno tulilirudia mara saba. Saba, mnanisikia? Siku hizo ukijulikana umekula kile kiapo, ulipelekwa kizuizini, na wako walioenda ambao hawakurudi kuhesabiwa. Ukikiri, wenzako wa msituni wanakumaliza. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilifika kwa mama mdogo nikiwa na furushi la nguo mkononi na siri hiyo moyoni.

Fundi Saidi alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana, baba yake askari wa Kinubi na mama yake Mmeru wa Igoji. Alikuwa mpishi jeshini, akapelekwa na wenzake nchi ya Malaya, ng'ambo ya bahari, kupigana kwenye misitu ya huko, na huko nako, alisema, kulikuwa na Hali ya Hatari kama hii yetu. "Mimi hatari inanifuata tu," alikuwa akisema. "Nikihamia mbinguni malaika watatangaza kafyu." Nje ya kambi yao kulikuwa na Mchina mmoja mzee mwenye kibanda cha mbao, anakaanga tambi nene za manjano kwenye karai kubwa. Fundi alizila mara ya kwanza akalia. Halafu akagundua zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe, akalia tena. Akamwomba yule mzee, kwa mikono tu maana hawakuwa na lugha moja, amkaangie zake kando kwa mafuta mengine. Mzee akakubali. Kuanzia siku hiyo kila alipopata ruhusa alienda kusimama pale, anatazama mikono.

Aliporudi Meru alijenga kibanda chake karibu na bucha, pale moshi wa mishikaki ulipopita. Benchi mbili, meza moja, karai moja. Wazee wa kwetu walioshuka sokoni walichungulia sahani wakasema, "Hizi ni minyoo." Akawajibu, "Ni minyoo, ndiyo, lakini imepikwa vizuri." Baada ya miezi michache wazee hao hao walikuwa wanagombea nafasi ya benchi.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa karai. Nilikanda unga. Tambi za Fundi hazikutoka dukani. Unga wa ngano, mayai, chumvi, na maji ya magadi, yale magadi tunayotia kwenye githeri maharagwe yalainike. Magadi ndiyo yanayozipa rangi ya manjano na ule mkazo unaorudisha meno. Yakizidi, tambi zina ladha ya sabuni. Yakipungua, zinakuwa uji. Nilikanda mpaka viganja vikawaka, nikakunjua, nikakata kwa kisu kirefu, yeye akazitazama akasema, "Hizi ni kamba za kufungia mbuzi. Kata upya." Nilikata upya mara tatu. Kwa hiyo msinililie mimi nikiwarudishia vitunguu.

Halafu akawasha makaa, nikaona kazi yenyewe. Mafuta ya ng'ombe yakayeyuka yakatoa moshi, akatupa kitunguu saumu, nyama iliyokatwa nyembamba mpaka unaona mwanga, mayai mawili akayavuruga pale pale, kabichi, kisha tambi. Zikalia. Akamwaga supu ya mifupa iliyochemka tangu alfajiri, na kijiko cha sukari aliyoiunguza mwenyewe na chumvi mpaka ikawa nyeusi, kwa sababu ule mchuzi mweusi wa Wachina haukupatikana Meru hata kwa dawa. Akafunika. Akafunua. Akashika upawa, akaanza kugeuza, na kila akigeuza anahesabu kwa sauti ya gwaride.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

Na watu wote waliokaa kwenye benchi, muuza nyama, fundi wa cherehani, wapita njia, wakaitikia pamoja naye, wanapiga meza kwa viganja.

"Tano! Sita! Saba!"

Sahani niliyokuwa nimeshika ilianguka ikapasuka. Mama mdogo alitoa kichwa dirishani akasema, "Maskini, baridi ya Meru imemkaza vidole." Nikasema ndiyo, ni baridi. Jua lilikuwa la saa saba mchana.

Aliniwekea sahani nyingine, ya bati safari hii. Akakamulia ndimu, akaweka pilipili pembeni. Nilikuwa nimeogopa, nikadhani sitaweza kumeza. Nikameza. Jamani! Sijui niwaambieje. Zilikuwa na moto wa karai ndani yake, ule moshi kidogo, utamu wa mifupa, halafu ndimu inakuja inasafisha kila kitu na ulimi unaomba tena. Nyumbani tulikuwa tunakula mukimo uliopoa kwa sababu moshi wa jioni uliwavuta homgadi, wenyeji wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Sikuwa nimekula kitu cha moto kwa raha yake tangu mvua iliyopita. Nilikula zote, nikalamba bati, na Fundi akacheka.

"Sasa umejua kwa nini nililia," akasema.

Hesabu ile haikuwa mchezo tu, na hapa nawaambia kama wapishi. Supu ikishaingia, tambi zinageuzwa mara saba. Mara sita, supu imebaki chini na juu pamekauka. Mara nane, tambi zinaanza kukatika. Mchina alihesabu kwa lugha yake. Fundi hakuelewa maneno lakini aliona mkono unasimama wapi. Ilikuwa saa yake. Na wateja waliipenda kwa sababu ilitangaza kwamba chakula kimeiva, na pengine kwa sababu siku hizo hapakuwa na mahali pengine mtu angeweza kupaza sauti bila kuulizwa pasi.

Mimi niliisikia kwa masikio mengine. Watu wamekaa pamoja, wanatamka pamoja mpaka saba, kisha wanakula kutoka chombo kimoja. Mtu anayepita barabarani, asiyejua tambi ni nini, angedhani anasikia nini? Kila siku ilipofika "sita" niliacha ninalofanya. Nilitazama barabara. Nilijifunza kutambua sauti ya lori la serikali kabla halijapanda mlima. Msiniulize nilijuaje, hofu ina masikio makubwa.

Nilijaribu kumwambia. "Fundi," nikasema, "kwani ni lazima tuhesabu kwa sauti? Si ungehesabu moyoni?"

"Moyoni nina mambo mengine."

"Basi hesabu mpaka nane."

"Karimi! Unataka kuniharibia tambi?"

"Watu watasema vibaya."

Akaweka upawa chini. "Watasema nini?"

Hapo ndipo nilipotaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini ningemwambia saba ni hesabu ya nini, angejua nimejuaje. Na mtu akijua jambo, siku akipigwa atalisema. Sikuwa na sababu ya kudhani Fundi ni tofauti. Nikasema, "Watasema tuna kelele."

"Mimi ni mtoto wa Majengo," akasema, "nimevaa sare ya serikali miaka tisa. Nani atanigusa kwa kelele?" Akaokota upawa.

Nimejilaumu kwa jibu langu lile miaka yote hii. Nawaandikia bila kujisafisha. Niliogopa, nikamwacha aendelee.

Walikuja siku ya soko, mchana. Lori mbili, homgadi na askari, wakazunguka Majengo yote kuanzia msikitini mpaka bucha. Tukatolewa nje tukakalishwa chini kwenye vumbi, mikono kichwani, wanaume huku, wanawake huku. Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alikaa kwenye kiti cha kukunja. Pembeni yake alisimama mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani mpaka magotini, na matundu mawili ya macho. Tulipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Asiposogea, unapita. Akikubali kwa kichwa, unavutwa kando.

Mimi sikutazama macho. Nilitazama chini, na chini ya gunia niliona akala, ndara za tairi zilizoshonwa kwa waya wa shaba. Nilizijua. Zilikuwa zimekaa chini ya meza yetu mara nyingi. Ni za muuza kamba za katani, mteja wetu, aliyependa tambi zake ziwe na ndimu mbili. Mkojo ulinitoka, na siogopi kuwaambia. Nikapita. Gunia halikusogea.

Fundi alipofika, gunia lilikubali.

Mkubwa wa homgadi akamsukuma mbele ya kiti. Akasema kwa Bwana Shauri, kwa sauti ili wote tusikie, "Huyu iko na kibanda. Watu wanakaa, wanahesabu mpaka saba, halafu anakulisha wao. Kila siku. Mchana, bwana, bila haya!"

"Ni tambi," akasema Fundi.

"Tambi gani inataka saba?"

"Leteni karai niwaonyeshe."

Bwana Shauri, sijui alikuwa na njaa au alitaka kucheka, akasema karai liletwe. Nikaitwa nilete tambi zilizokatwa na makaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kazi pale. Nilichochea makaa mbele ya bunduki. Fundi akakaanga. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Ule mkono nimeutamani maisha yangu yote. Akamwaga supu, akafunika, akafunua, akahesabu polepole, peke yake. Hakuna aliyeitikia. Watu mia wamekaa kwenye vumbi wanasikia mtu mmoja anasema saba.

"Nani alikufundisha hesabu hii?" akauliza mkubwa wa homgadi.

"Mchina."

Akapigwa kitako cha bunduki mgongoni. "Mchina wapi hapa Meru?"

"Malaya. Nilikuwa askari. Karatasi zangu ziko ndani."

"Karatasi tutaona." Halafu yule mtu akageuka akanitazama mimi. "Na huyu? Huyu si mtu wa Majengo. Wewe, kwenu wapi?"

"Nkubu," nikasema.

"Aaa! Nkubu." Akatabasamu. Akamwendea Fundi karibu kabisa. "Mzee, wewe mtu wa msikiti. Hii maneno ya saba si yako. Ni huyu msichana alikuleteeni. Sema tu ni huyu, uende ukakae na bibi yako."

Nawaambia ukweli: nilimwona Fundi ananitazama, nikajua nimekwisha. Neno moja tu lilitosha.

Fundi akatema mate chini. "Huyu?" akasema. "Huyu ataleta hesabu kutoka wapi? Ni mpumbavu, bwana. Nimemfundisha mwaka mzima, hajui hata kufika saba. Ananiharibia tambi kila siku. Kama si mke wangu kunibembeleza, ningemrudisha kwao zamani. Mwambie ahesabu, usikie mwenyewe."

Ilinichoma. Mwaka mzima alikuwa hajanitusi hata mara moja. Kisha nikaelewa, nadhani nilielewa na miguu kabla ya kichwa.

"Hesabu," akasema homgadi.

Nikafungua mdomo. "Moja. Mbili. Tatu. Tano."

"Rudia!"

"Moja, mbili, tatu... tano. Kumi?"

Homgadi mmoja akacheka, mwingine akafuata. "Nne iko wapi, wewe?" wakapiga kelele. Nikarudia, nikaruka nne tena, nikalia machozi ya kweli. Hata Bwana Shauri akacheka. Mkubwa wao akanisukuma kwa mguu. "Toa hii takataka hapa."

Fundi hakucheka. Walimpandisha kwenye lori pamoja na wengine kumi na wawili. Karai waliliacha pale chini, tambi ndani. Homgadi walizila kwa vidole kabla ya kuondoka, na mmoja akauliza kama kuna pilipili.

Tulikaa miaka miwili bila yeye. Mama mdogo alipeleka karatasi za jeshi kila ofisi iliyokuwa na mlango. Mimi nilifungua kibanda wiki iliyofuata, kwa sababu tulihitaji kula na kwa sababu kibanda kikifungwa watu huuliza. Niligeuza kimya. Wateja walikuja, wakakaa, hakuna aliyepiga meza. Walisikia upawa tu. Ilipofika mwisho niliweka sahani mbele yao na walikula wakitazama barabara.

Siku ya tatu zile akala zilikuja. Muuza kamba akakaa mahali pake, akasema, "Muuga, Karimi. Za siku nyingi?" Nikajibu nzuri. Nikamkaangia. Nikampelekea sahani na ndimu mbili, nikasimama kando nikihofia hata kupumua kwa nguvu, asije akadhani nimemjua. Alikula zote. Akasema zimekuwa na maji kidogo. Alisema kweli: kwa hofu nilikuwa nimegeuza mara sita.

Alikuja hivyo kila wiki kwa miaka miwili, na kila wiki nilimpikia. Mkiniuliza kazi ngumu kuliko zote jikoni ni ipi, msitaje ile harusi ya watu mia nane wala siku mvuke ulipolipua sufuria. Ni ile.

Fundi alirudi asubuhi moja kwa miguu kutoka stendi. Sikumtambua. Kifua kilikuwa kimekwisha, na mkono wa kulia haukunyooka vizuri. Alipita mlangoni pa nyumba yake, akaja moja kwa moja kibandani, akakaa kwenye benchi kama mteja.

"Nipikie," akasema.

Nikampikia. Nilikuwa nalia na kukaanga, moshi ukanisaidia. Alikula kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi kwa Mungu. Alipofika nusu ya sahani akainua kichwa.

"Umegeuza saba," akasema. "Vizuri. Lakini sikukusikia."

"Siwezi, Fundi."

Akatafuna. "Unajua, siku ya kwanza ulivunja sahani yangu. Mke wangu alisema ni baridi." Akachagua kipande cha nyama. "Jeshini nimeona watu wakiangusha vitu. Lakini baridi haiangushi sahani saa ile ile ninaposema saba."

Niliweka upawa chini. "Ulijua."

"Nilijua siku ile ile."

"Sasa mbona hukuacha kuhesabu? Nilikuomba!"

"Ningeachaje? Mtaa mzima umezoea, halafu msichana wa Nkubu anaingia nyumbani kwangu, nanyamaza ghafla? Wangeuliza nani kaninyamazisha." Akasukuma sahani kidogo, akakamulia ndimu iliyobaki. "Halafu mimi ni mkaidi, hilo usilisahau. Ongeza supu."

Nikaongeza supu. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki, na mkono wake wa kulia haukurudi kushika upawa. Nilimkaangia mimi, kimya, miaka sita mingine. Kisha nikashuka Embu, nikapata kazi hapo jikoni kwenu, na mengine mnayajua kwa sababu mlikuwepo mkinilalamikia.

Kwa hiyo siku ile ya kuniaga, mlipoleta karai kubwa uani na kusema leo Mama Karimi anatupikia tambi za mwisho, nilijiambia wote niliowaogopa siku zile ni wazee au wamezikwa, na serikali ile imeondoka. Nikafunua. Nikashika upawa. Nikasema kwa sauti, mara ya kwanza tangu ule mchana wa vumbi.

"Moja. Mbili. Tatu. Tano."

Haki ya Mungu, sikukusudia. Ulimi uliruka wenyewe. Na nyinyi nyote mkacheka kwa pamoja, Mutegi akapiga meza, "Nne, Mama! Umeruka nne!" Mliona nimesimama na upawa hewani mkadhani ni uzee. Nilikuwa nasikiliza barabara, kama kuna lori.

Halikuwepo. Mkaanza upya wenyewe, mkipiga meza, moja, mbili, tatu, nne, na mimi nikageuza nikiwafuata mpaka saba, nikapakua, nikakaa nanyi kwenye benchi, tukala.